Tiba ya Kukatika Pumzi Usingizini kwa Askari Wetu Wastaafu

Hotuba ya Halmashauri ya Kutazama Wagonjwa, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu zilizosomwa asubuhi na Mtunza Hazina mlisikia habari ya "mashine ya hewa", na mzee wetu mmoja akauliza kama Chama kimeanza kununua mitambo ya wagonjwa mahututi. Swali lile ni la haki, maana fedha ni zenu. Nasi tuliopewa kazi ya kulijibu twaona ni vema tuanze kwa kukiri kosa tulilolitenda sisi wenyewe.

Yuko mwanachama mwenzetu ambaye hatutamtaja jina, ingawa ametupa ruhusa kulisimulia jambo lake. Alitumika katika jeshi la Kenya miaka 22, sehemu kubwa akiendesha malori, na alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Somalia baada ya majeshi yetu kuvuka mpaka Oktoba 2011. Alipostaafu alirudi nyumbani akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Asubuhi moja, barabara ikiwa nyoofu na jua limekwisha chomoza, basi liliacha njia likaingia mtaroni. Kwa rehema za Mungu hakuna mtoto aliyeumia. Watu walisema amelewa, naye hanywi. Alipopelekwa kwa daktari, na baadaye akalala usiku mmoja akiwa amefungwa nyaya za kupimia, ilionekana kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika mara 41 kila saa alalapo.

Mwaka 2022 Chama kilifanya harambee, mashine ikanunuliwa, tukapiga picha, tukarudi makwetu tukiwa tumeridhika. Baada ya miezi minane tulimtembelea. Mashine ilikuwa chini ya kitanda ndani ya sanduku lake, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Tulikasirika. Tulimwambia, tena mbele ya watoto wake, kwamba ameitupa jasho la wanachama. Na mmoja wetu alipendekeza mashine ichukuliwe apewe mwingine mwenye shukrani. Yeye hakujibu neno. Mkewe ndiye aliyetusindikiza hadi njia panda, na hapo akasimama akatuambia:

"Wazee wangu, mmemwona mkaidi. Mimi ndiye ninayelala naye. Usiku wa kwanza alipofungwa kile kitu usoni aliruka akavunja taa. Kule alikokuwa, gari lililotangulia lilipigwa na bomu, naye akafunikwa na moshi na vumbi mpaka akadhani amekwisha. Kitu chochote kikimziba pua na mdomo, yuko kule tena. Ninyi mlimletea mashine. Nani alimwuliza?"

Hakuna aliyemwuliza. Tulirudi nyumbani kimya, na tangu siku ile tumejitia katika kujifunza jambo hili, kwa kuwauliza madaktari, kwa kusoma, na zaidi kwa kukaa na wenye ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikabanwa au ikazibika kabisa. Kifua huendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyopita; oksijeni katika damu hupungua; kisha ubongo humshtua mtu nusu usingizi, koo likafunguka kwa mkoromo mkubwa, naye akalala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Madaktari huhesabu kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi. Mikatiko 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa kadiri, na 30 na kuendelea ni mkali. Mwenzetu mwenye 41, akilala muda wa saa saba, alikuwa akikabwa koo karibu mara 290 kila usiku, kisha alfajiri akapewa basi lenye watoto.

Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambamo mkoromo wa baba ulikuwa alama ya usalama: ukiusikia, wajua mwenye nyumba yupo. Wala hatusemi kila akoromaye ni mgonjwa. Bali mkoromo ukatikao ghafula, kukawa kimya, kisha ukarudi kama mtu aliyeibuka majini, huo si wa kuchekwa. Dalili nyingine huonekana mchana: kusinzia kanisani, msikitini, mkutanoni au nyuma ya usukani, kichwa kuuma asubuhi, kusahau, hasira za haraka, shinikizo la damu lisiloshuka kwa dawa. Tena mgonjwa huamka usiku kukojoa mara tatu au nne, akadhani ni tezi au ni kisukari. Na asidhani mtu kwamba ni maradhi ya wanene peke yao. Unene huyazidisha sana, lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo huyapata, na wanawake hupatwa zaidi baada ya umri wa kuzaa kupita.

Wataalamu wa Toronto, Kanada, walichapisha mwaka 2008 maswali manane mepesi ambayo mtu yeyote aweza kuulizwa, na Halmashauri sasa huyatumia inapowatembelea wastaafu. Je, wakoroma kwa sauti? Wachoka mchana? Yuko aliyekuona pumzi ikikatika? Una shinikizo la damu? U mnene sana? Umepita miaka 50? Shingo yako ni nene? U mwanamume? Ajibuye "ndiyo" mara tatu au zaidi twamwomba aende hospitali, maana maswali hayo huonyesha tu nani apimwe. Kipimo chenyewe ni cha kulala usiku mmoja hospitalini, au siku hizi kwa wengine ni kifaa kidogo cha kuvaa nyumbani, chenye mkanda wa kifuani na kibanio cha kidoleni.

Sasa tuje kwenye tiba, ambako ndiko tulikokosea. Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba tiba ni moja.

Iliyo maarufu ni mashine ya hewa. Kabla yake, aliyezidiwa na ugonjwa huu alitobolewa koo ili apumulie shingoni. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia mpya ya kusukuma hewa puani kwa nguvu kidogo usiku kucha. Hewa hiyo ni ileile ya chumbani. Kazi yake ni kuzitenga kuta za koo zisishikamane, kama mtu apulizavyo mfuko wa karatasi ukabaki wazi. Kwa hiyo mzee wetu aliyeuliza na atulie: mashine hii haimpumulii mtu, ila humwachia njia apumue mwenyewe. Kwa ugonjwa mkali hakuna kifaa kinachopunguza mikatiko kuishinda.

Lakini kiko kifaa cha kinywani, ambacho daktari wa meno hukifanyiza kwa kipimo cha meno ya mtu, kikalivuta taya la chini mbele kidogo. Hakihitaji stima, nacho huingia mfukoni. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha viwili hivyo kwa wagonjwa walewale, mwezi mmoja kila kimoja. Mashine ilizuia mikatiko zaidi. Lakini wagonjwa walikivaa kifaa cha kinywani saa nyingi zaidi kila usiku, na mwisho wa yote faida za afya zilikaribiana sana. Twaomba Wazee wayafikiri hayo. Dawa iliyo kali sabatini haimshindi dawa ya kadiri iliyo mdomoni.

Wako ambao pumzi hukatika walalapo chali tu. Hao hufundishwa kulala ubavu, na hila ya zamani ni kushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana. Kupunguza mwili husaidia wanene, na kuacha pombe ya jioni husaidia karibu kila mtu, maana pombe hulegeza koo, na vidonge vingi vya usingizi hali kadhalika. Huko Marekani, tangu mwaka 2014 imeruhusiwa kutia mwilini kifaa kinachoamsha mshipa wa ulimi, na Desemba 2024 iliruhusiwa dawa ya sindano, tirzepatide, kwa wagonjwa walio wanene. Tumezitaja hizo kwa kuwa vijana wetu wamezisoma katika simu zao na hutuuliza. Kwa mfuko wa Chama ziko mbali. Hata kupiga didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, kulijaribiwa Uswisi kwa wagonjwa 25, na habari ilichapishwa mwaka 2006 kwamba baada ya miezi minne ya mazoezi walisinzia kidogo kuliko kwanza. Mzee mmoja wa Halmashauri alikumbusha hapo kwamba anayo pembe ya babu yake ukutani. Majirani wake wamemwomba aiache palepale.

Basi, kuchagua ni kukaa na mtu na kumwuliza. Je, stima iko kwake, na hukatika mara ngapi? Analala na nani? Meno yake yamebaki mangapi, maana kifaa cha kinywani chahitaji meno ya kushikia? Aliona nini vitani? Swali hili la mwisho halimo katika karatasi za hospitali nyingi, nalo kwa askari huenda likawa la kwanza. Madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha mwaka 2012 uchunguzi ulioonyesha kwamba askari wenye jeraha la moyo lililotokana na vita huitumia mashine kidogo kuliko wenzao. Wengine huogopa kuzibwa uso. Wengine huogopa usingizi wenyewe, maana ndimo zilimo ndoto. Tena wamezoea kulala sikio moja likiwa macho, na sauti ya mashine huwazuia kusikia mlango. Hao si wakaidi. Na jambo la kutia moyo ni kwamba kwa wengi wanaofaulu kuivaa, ndoto mbaya hupungua, kwa sababu kukabwa koo usiku ni sehemu ya kitu kinachozileta.

Lazima pia tuseme kweli kuhusu faida, kwa kuwa tulipokuwa tukichangisha fedha tuliahidi kupita kiasi. Tulisema mashine itazuia mshtuko wa moyo na kiharusi. Uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona mashine ikipunguza mambo hayo. Walakini watu wale waliitumia kwa wastani saa 3.3 tu kila usiku. Kilichoonekana wazi ni kwamba walisinzia kidogo mchana, mioyo yao ilichangamka, na maisha yao yakawa bora. Kwa mtu ashikaye usukani, kutosinzia peke yake ni jambo kubwa. Kwa hiyo siku hizi twaahidi hilo, na mengine twamwachia daktari.

Kosa letu la pili lilikuwa kumwacha mtu peke yake baada ya kumpa. Imekwisha kuonekana katika uchunguzi wa Marekani kwamba atakayeitumia mashine vizuri na atakayeiacha hujitenga mapema, ndani ya wiki ya kwanza. Sisi tulikwenda mwezi wa nane! Ilikuwa kama kumtembelea mwenye kupanda baada ya mahindi kukauka. Wiki hiyo ya kwanza ndipo barakoa inapovuja na kupuliza macho, pua inapokauka, ngozi inapochubuka, na mke anapouliza kama atalala na mtu au na kinu cha kusaga. Karibu kila moja la hayo lina dawa yake nyepesi: barakoa ya kipimo kingine, mikanda kulegezwa badala ya kukazwa, hewa kutiwa unyevu, nguvu ya hewa kurekebishwa na mtaalamu. Lakini asiyejua kwamba lina dawa hufikiri mashine imemkataa.

Katika jimbo la Arizona, Marekani, walijaribu jambo lililotugusa sana. Mgonjwa mpya alipewa mwenzake, mgonjwa kama yeye aliyekwisha kuizoea mashine, awe wa kuongea naye ana kwa ana na kwa simu kwa muda wa miezi mitatu. Habari iliyochapishwa mwaka 2013 ilisema kwamba waliopewa wenzao waliitumia mashine zaidi kuliko wasiopewa. Tuliposoma hayo tulicheka kidogo, maana hiyo ndiyo kazi ambayo vyama vya namna yetu viliundwa kuifanya, nasi tulikuwa tumeisahau tukashika kazi ya kuchangisha.

Tulimrudia yule mwenzetu, na neno la kwanza lilikuwa kumwomba radhi, mbele ya watoto walewale. Kisha tulimtafutia askari mstaafu mwingine, wa kijiji cha pili, ambaye mwanawe wa ng'ambo alimletea mashine na ameitumia miaka mitatu. Hao wawili walianza mchana. Walikaa kibarazani na barakoa mikononi tu, wakisikiliza taarifa ya habari. Siku zilizofuata aliishika puani bila kuifunga. Kisha akaifunga mashine ikiwa imezimwa. Kisha ikiwa imewashwa, naye ameketi macho, mlango u wazi. Barakoa ya kuziba pua na mdomo ilibadilishwa ikawa ile ndogo yenye vijibomba viwili vya puani, ambayo humwacha mtu akiona chote kilicho mbele yake na kuivua kwa mkono mmoja. Ilichukua majuma sita kabla hajalala nayo usiku mzima. Vilevile alikubali kumwona mshauri wa majeraha ya vita, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko mashine.

Mashine huandika yenyewe saa inazotumika. Mwezi uliopita ilionyesha wastani wa saa tano na robo. Mashirika ya bima ya Marekani huhesabu saa nne kwa usiku, katika siku 70 kwa kila 100, kuwa ni matumizi ya kutosha kuendelea kulipiwa; kwa hiyo amevuka. Basi la shule hajalirudia, wala hajaomba. Anatunza ghala la chama cha ushirika, na mkewe amerudi kulala chumbani.

Mwingine, koplo mstaafu mwenye mikatiko 18 kwa saa, alikaa nasi mchana mzima akauliza maswali mengi, akachagua kifaa cha kinywani. Kwake stima hukatika sana. Taya lilimwuma majuma mawili, sasa amezoea. Hakugharimu nusu ya mashine, wala hatukumshawishi.

Kuhusu fedha twaomba kusema machache. Bei ya mashine mpya hula pensheni ya miezi mingi ya askari wa cheo cha chini, na si mwisho wa gharama: barakoa huchakaa, kichujio huziba kwa vumbi letu, na stima ikikatika mgonjwa huhitaji betri. Bima ya taifa ilibadilika Oktoba 2024, N.H.I.F. ikaondoka na S.H.A. ikashika mahali pake, kwa hiyo kila mtu na aulize kwanza, apate jibu la maandishi, kabla ya kuja kwenye harambee. Tena jihadharini na mashine za mtumba. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita nyuma mamilioni ya mashine zake duniani kote kwa sababu sponji iliyomo ndani iliweza kuoza na vipande vyake vikavutwa pumzini. Zilikuwa zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021. Mwenye ndugu wa ng'ambo anayetaka kuleta mashine na atuletee kwanza namba yake tuitazame. Na aliye nayo tayari asiitupe usiku huu kwa hofu, amwone daktari.

Twaomba Mkutano huu ukubali kwamba fedha za mfuko wa wagonjwa zitumike pia kwa barakoa za kubadilisha na kwa nauli ya mwenzake mgonjwa, maana sheria yetu ya sasa yaruhusu "vifaa" peke yake. Twaomba pia kila mgonjwa mpya atembelewe usiku wa pili, si mwezi wa nane, na atakayemtembelea awe askari mwenzake. Askari watatu wamejitolea. Na dereva yeyote aliyepimwa akaonekana na ugonjwa asiketi nyuma ya usukani mpaka daktari amruhusu. Hili twalisema kwa uzito, hata kama dereva huyo ni mwanachama wa Halmashauri.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza. Mzee wetu mmoja, aliyevaa sare kabla ya wengi wenu kuzaliwa, alijibu "ndiyo" katika maswali sita kati ya manane, naye amekataa kupimwa. Asema amelala hivyo miaka yote, na kifo kitamkuta popote. Ni mjane, analala nyumba peke yake, hakuna amsikiaye. Hatukubishana naye. Mjukuu wake anayesoma shule ya bweni atakuja kulala kwake likizo ya Agosti, na mzee amekubali mwenyewe kwamba kijana akeshe usiku mmoja na saa mkononi, ahesabu, kisha amwambie babu yake alichokiona. Tutamwendea tena Septemba.